Mkakao wa Lipa, Chokoleti ya Davao

Mwaka 1670 rubani wa merikebu aitwaye Pedro Bravo alifika Ufilipino kutoka Acapulco, bandari ya Mexico, akiwa na mche wa mkakao uliooteshwa ndani ya chungu. Alimpa nduguye, Bartolomé Bravo, aliyekuwa padri huko Camarines, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon. Mche haukukaa sana mikononi mwa padri. Mwenyeji wa Lipa, mji ulioko mkoa wa Batangas, jina lake Juan del Aguila, aliuiba, akauficha, akautunza, na kutoka kwenye mche huo ikapatikana mingine. Ndivyo alivyoandika padri Manuel Blanco, Mwagustino, katika kitabu chake kikubwa cha mimea ya Ufilipino kilichochapwa Manila mwaka 1837.

Yapo mapokeo mengine yanayowataja Wajesuiti, kwamba nao waliupanda mkakao katika visiwa vya Visayas karne hiyohiyo. Huenda yote mawili ni kweli, kwa kuwa nchi yenye visiwa zaidi ya elfu saba inaweza kupokea mmea mmoja kwa milango mingi. Lakini mimi naipenda habari ya Lipa. Historia za mazao ya kikoloni huanza kwa amri ya gavana, viboko vya mnyapara na magunia yanayopakiwa melini. Hii inaanza na mwenyeji aliyeona kitu chema kwenye bustani ya mkubwa, akaamua kwamba na yeye atakuwa nacho.

Na kuupata haikuwa kazi ndogo. Mbegu ya kakao haina uvumilivu wa mahindi wala kunde. Ikishatolewa ndani ya tunda lake huanza kufa, na baada ya muda mfupi haioti tena hata ukiipa udongo wa aina gani. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuitia mfukoni na kuvuka nayo Bahari ya Pasifiki. Mche ulilazimika kusafiri ukiwa hai, kwa takriban miezi mitatu, juu ya sitaha yenye upepo wa chumvi, ukimwagiwa maji matamu ambayo mabaharia wenyewe walipewa kwa kipimo. Aliyeutunza njiani aliijua thamani yake.

Njia iliyouleta ilikuwa imefunguliwa karibu karne moja kabla. Mwaka 1565 Miguel López de Legazpi alitia nanga Cebu kwa niaba ya mfalme wa Hispania, na mwaka huohuo Andrés de Urdaneta akagundua njia ya upepo wa kurudi Mexico kwa kupitia kaskazini. Mwaka 1571 Wahispania wakaifanya Manila mji wao mkuu. Tangu hapo hadi mwaka 1815, galioni za Manila zilikwenda na kurudi: kutoka Acapulco zilileta fedha ya migodi ya Amerika, kutoka Manila zikachukua hariri, vyombo vya kaure na viungo vilivyokusanywa kutoka China na kwingineko. Nyingi zilijengwa Cavite, kando ya ghuba ya Manila, kwa magogo yaliyokatwa na kukokotwa na wenyeji waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Hilo lisisahaulike tunapoizungumzia chokoleti. Chungu cha Pedro Bravo kilibebwa na biashara iliyosimama juu ya migongo ya watu wa visiwa hivyo.

Msomaji wa pwani yetu ataitambua historia ya namna hii. Muhogo, mahindi na mkorosho vilitoka Amerika vikaja kwetu kwa merikebu za Wareno, na leo hakuna mtu wa Mtwara anayeuona mkorosho kuwa mgeni. Batangas na Visayas mkakao nao ulizoea. Ulipandwa nyuma ya nyumba, chini ya minazi na miembe, miti michache kwa kila kaya, kwa matumizi ya jikoni. Ufilipino huhesabiwa kuwa nchi ya kwanza kulima kakao barani Asia.

Jikoni ndiko ilikokaa kwa karne tatu. Wanawake walipasua matunda, wakazianika mbegu juani, wakazikaanga kwenye kikaango kikavu hadi maganda yakaanza kupasuka, wakazimenya, wakazisaga. Kakao iliyokaangwa ikisagwa haitoi unga. Mafuta yake huifanya iwe uji mzito mweusi unaong'aa. Uji huo ulifinyangwa kuwa visahani vidogo au vidonge, ukaachwa uwe mgumu. Wafilipino huviita tablea. Ndani yake hamna maziwa, na mara nyingi hata sukari hamna. Ni kakao tupu. Kwa maneno mengine, chokoleti nyeusi ya asilimia mia moja, inayosifiwa siku hizi kwenye maduka ya bei kali ya Ulaya kama uvumbuzi, ilikuwa ikifinyangwa kwa vidole katika vijiji vya Bohol na Cebu zamani za mabibi wa mabibi.

Tablea huchemshwa kwa maji, kisha hupekechwa. Chombo chake ni upekecho wa mti wenye kichwa kilichochongwa meno, unaozungushwa kati ya viganja mpaka povu lipande. Huko wanauita batirol, na asili yake ni Mexico. Kinywaji hicho Watagalog hukiita tsokolate na watu wa Visayas hukiita sikwate. Cebu hunywewa asubuhi pamoja na puto maya, wali wa kunata uliopikwa kwa tui la nazi, na embe lililoiva pembeni. Kisha kuna champorado: uji wa mchele wa kunata uliopikwa pamoja na tablea, ukaliwa na tuyo, samaki mdogo aliyekaushwa kwa chumvi. Anayeona ajabu uji wa chokoleti kuliwa na samaki mkavu na akumbuke vile ng'onda inavyokwenda na muhogo wa nazi. Chumvi na utamu hupatana kuliko watu wengi wanavyodhani, hasa penye uchungu wa kakao.

Desemba, kuanzia tarehe 16 hadi 24, Wakatoliki wa Ufilipino huamka kabla ya mapambazuko kwenda misa za Simbang Gabi. Nje ya kanisa huuzwa bibingka, mkate wa mchele uliookwa juu ya jani la mgomba, na kikombe cha tsokolate moto. Ukiwauliza wazee wa huko kuhusu chokoleti, kumbukumbu zao ziko pale, kwenye mvuke wa alfajiri, wala si kwenye kipande kilichofungwa karatasi ya fedha.

Lakini kikombe hicho hakikuwa sawa kwa kila mtu. Katika riwaya ya José Rizal, Noli Me Tangere, iliyotoka mwaka 1887, kuna kisa cha padri anayemwagiza mtumishi chokoleti kwa namna mbili. Mgeni akiwa wa maana, mwisho wa agizo padri hutamka sauti moja, na chokoleti huja nzito. Mgeni akiwa hohehahe hutamka nyingine, na huja iliyotiwa maji mengi. Sauti zile ni herufi za mwanzo za maneno ya Kihispania ya uzito na umajimaji. Rizal alikuwa daktari wa macho na mtazamaji mkali, na katika kisa kifupi hivyo aliwaonyesha wasomaji wake namna utawala unavyoingia hadi ndani ya kikombe. Wahispania walimuua kwa risasi tarehe 30 Desemba 1896. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Miaka miwili baadaye Hispania ilishindwa na Marekani, na kwa Mkataba wa Paris wa Desemba 1898 Ufilipino ikakabidhiwa kwa Wamarekani kwa dola milioni 20. Utawala mpya ukaja na shule za Kiingereza, na tangu 1909 bidhaa nyingi za Marekani zikaanza kuingia bila ushuru. Zilikuja na chokoleti ya namna nyingine kabisa: kipande laini, kitamu sana, chenye maziwa na sukari nyingi, ndani ya karatasi yenye jina la kampuni. Baada ya majeshi ya Marekani kutua Leyte tarehe 20 Oktoba 1944 kuikomboa nchi kutoka kwa Wajapani, watoto waliotoka kwenye njaa ya vita walipewa chokoleti na askari juu ya malori. Huwezi kumlaumu mtoto wa namna hiyo kama maisha yake yote ataamini kwamba chokoleti ya kweli hutoka ng'ambo.

Imani hiyo ilikaa. Viwanda vya Manila vilitengeneza peremende za bei ndogo baada ya vita, na mojawapo, Choc Nut, mchanganyiko wa karanga na kakao unaovunjika mdomoni kama unga, inapendwa mpaka leo. Ila zawadi ya heshima ilibaki kuwa ya nje. Kuanzia miaka ya 1970, Wafilipino kwa mamia ya maelfu walianza kwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Kuwait, Falme za Kiarabu na Qatar. Huko ndiko Waswahili wengi walikowajua, wakilala chumba kimoja au wakishika zamu moja hospitalini, hotelini na dukani. Aliyewahi kumwona Mfilipino akijiandaa kwenda likizo analijua lile sanduku kubwa la boksi, la balikbayan, linalojazwa kwa miezi: sabuni, kahawa ya kopo, viatu vya watoto, na juu ya vyote chokoleti. Hershey's na Toblerone zilisafiri kutoka Jeddah na Dubai kwenda kwenye vijiji ambavyo uani kwake kuna mkakao unaodondosha matunda bila wa kuyaokota. Si kosa la aliyebeba. Zawadi ya safari lazima ionyeshe kwamba umetoka mbali. Hata hivyo, jambo hilo linaeleza kwa nini nchi yenye kakao kwa miaka mia tatu ilikuwa haina kipande cha chokoleti cha kujivunia.

Sababu nyingine zilikuwa shambani. Katika miaka ya 1980 makampuni yalijaribu kulima kakao kwa mashamba makubwa, hasa kisiwani Mindanao, lakini majaribu yaliandamana. Bei ya dunia ilishuka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1988, iliyokusudia kuwagawia wakulima wadogo mashamba makubwa, iliwafanya wenye mitaji wasite. Juu ya hayo akaja kiwavi wa nondo mdogo anayetoboa tunda changa na kula ndani yake. Mbegu hugandamana, na tunda linaloonekana zima kwa nje huwa halina faida. Wakulima wengi wakakata mikakao wakapanda migomba. Ilipofika mwaka 2010, nchi nzima ilikuwa ikivuna yapata tani 5,000 tu za kakao kwa mwaka, wakati Côte d'Ivoire ilikuwa ikihesabu kwa zaidi ya milioni. Kakao ya viwanda vya Manila ilinunuliwa kutoka nje.

Waliobaki na kakao walikuwa akina mama wa tablea. Hili nalisisitiza kwa sababu mara nyingi habari ya ufufuo wa chokoleti ya Ufilipino huanza na mashine na medali, kana kwamba kabla yake palikuwa patupu. Patupu hapakuwa. Raquel Choa wa Cebu, ambaye leo watu humwita malkia wa chokoleti, alilelewa milimani na bibi yake, na ni bibi huyo aliyemfundisha kukaanga na kusaga. Elimu ile ndiyo aliyokuja kuifungulia mlango mjini, akiwakalisha wageni mezani na kuwaonyesha kakao tangu tunda hadi kikombe. Kule Bohol, Dalareich Polot alikua katika nyumba iliyoishi kwa biashara ya tablea ya wazazi wake. Alipopata nafasi ya kusoma utengenezaji wa chokoleti Ghent, Ubelgiji, alirudi nayo nyumbani, akaanzisha kiwanda kidogo pembeni ya kazi ya familia. Wazungu hawakumwonyesha kakao ni nini. Walimwonyesha mashine, na si aibu kujifunza.

Davao ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Mkoa huo uko kusini-mashariki mwa Mindanao, chini ya mlima Apo wenye mita 2,954, mrefu kuliko yote nchini. Udongo wake ni wa volkano, mvua haikatiki miezi mingi, na, jambo muhimu kuliko hayo, tufani zinazoikumba Luzon na Visayas kila mwaka aghalabu hupita kaskazini yake. Mkakao ni mti wa kivuli na utulivu; upepo mkali huyaangusha maua yake. Hapo unakaa chini ya minazi iliyopandwa zamani kwa ajili ya mbata, na mkulima huvuna mazao mawili katika shamba moja. Dhidi ya yule kiwavi, wakulima walipata dawa isiyo ya kupuliza: tunda likiwa bado dogo huvikwa mfuko mwembamba wa plastiki, moja baada ya jingine, mti baada ya mti, ili nondo asipate pa kutaga. Kazi hiyo huchosha shingo na mikono, na haina njia ya mkato.

Katika wilaya ya Baguio ya jiji la Davao, mahali paitwapo Malagos, familia ya Puentespina ilianza kulima kakao mwaka 2003. Charita Puentespina alikuwa tayari anajulikana kwa maua ya okidi, na mwenye kuotesha okidi ana jicho la subira. Kwa miaka kadhaa waliuza mbegu kavu kwa wanunuzi wa nje kama wengine. Mwaka 2012 wakaanza kutengeneza chokoleti wenyewe, hapohapo shambani: mti, sanduku la kuvundika, tanuri na kinu, vyote katika eneo moja. Mwaka 2015 chokoleti yao ilipata tuzo ya Academy of Chocolate ya London. Mwaka 2017, kwenye maonyesho ya Paris, kakao yao iliwekwa miongoni mwa sampuli 50 bora za dunia na mpango wa Cocoa of Excellence. Wanauza vipande vya asilimia 65, 72, 85, na kile cha 100 kisicho na sukari kabisa, ambacho kwa roho yake ni tablea iliyosuguliwa ikawa laini.

Kabla yao kidogo, mwaka 2010, Philo Chua alikuwa ameanzisha Theo & Philo huko Manila, kwa kakao ya Davao na sukari ya nchini. Kilichonivutia kwake ni ujasiri wa ladha. Angeweza kuiga lozi na zabibu za Uswisi. Badala yake alichukua pilipili kali ya huko iitwayo labuyo, ndimu ndogo za kalamansi, njugu ziitwazo pili kutoka Bikol, kahawa ya barako ya Batangas, hata embe bichi kwa chumvi, akavitia ndani ya chokoleti nyeusi. Mfilipino anayekila kipande hicho haoni kitu kilichoigwa. Anaona soko la kwao. Barako yenyewe ina historia inayogusana na hii yetu, maana Lipa, mji wa yule mwizi mwema, ulitajirika kwa kahawa katika karne ya 19 mpaka ugonjwa wa kutu ya majani ulipoiangamiza mibuni yake mwishoni mwa miaka ya 1880.

Wakaja wengine wengi. Auro, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Kelly Go na Mark Ocampo, ina kiwanda Calamba, mkoa wa Laguna, mji alikozaliwa Rizal. Hununua kakao moja kwa moja kutoka kwa vikundi vya wakulima wa Davao, na majina ya vijiji, kama Saloy na Paquibato, wameyaandika mbele ya karatasi ya chokoleti. Jambo hilo naliheshimu. Kwa miaka mingi mlaji alijua jina la mji wa Uswisi kilipofungwa kipande, bali kijiji kilichoinama kuokota tunda hakikuwa na jina.

Sasa, kwa nini nyeusi? Kwa sababu ndani ya chokoleti nyeusi hakuna pa kujificha. Maziwa na sukari vikizidi, kakao mbovu hufunikwa. Ikiwa kakao ni asilimia 70 au zaidi, mlaji anaionja kazi yote ya shambani. Mbegu mbichi ya kakao, iliyozungukwa na ute mweupe mtamu wenye uchachu, haina harufu ya chokoleti hata kidogo. Harufu huzaliwa kwenye masanduku ya mbao, ambamo mbegu hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuvundikwa kwa siku tano hadi saba, zikigeuzwa mara kwa mara. Hamira ya asili hula sukari ya ute, kisha bakteria hufuata, joto hupanda hadi karibu nyuzi 50, mbegu hufa, na uchungu wake mkali hulainika. Mkulima akiharakisha, chokoleti huwa kakasi. Akichelewa, hunuka uvundo. Baada ya hapo ni jua, tanuri, kupepeta maganda, na kinu cha mawe kinachozunguka saa nyingi mpaka ulimi usisikie punje. Mwisho kuna kuipoza chokoleti kwa vipimo na kuishikilia kwenye nyuzi kama 31 au 32 kabla haijamiminwa, ili ing'ae na ivunjike kwa mlio. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Fikiria ugumu wa kazi hiyo katika nchi ambayo adhuhuri yake hukaribia joto hilohilo, na umeme wa viyoyozi una gharama yake. Chokoleti ya Davao ikiwa na bei kubwa kuliko ya viwanda vikubwa, sehemu ya bei ni hiyo, na sehemu nyingine ni mkulima kulipwa zaidi kwa mbegu zilizovundikwa vizuri.

Ladha yake si moja. Miti mingi ya Davao ni ya jamii ya Trinitario na machotara yake, na wanaoionja kwa makini hutaja matunda, uchachu mwepesi kama wa ukwaju, wakati mwingine asali. Kipande kisitafunwe kama karanga. Kiache ulimini kiyeyuke chenyewe, uchungu utangulie, na baada yake utasikia yale mengine yakija kwa zamu.

Mwaka 2021 Rais Rodrigo Duterte, ambaye mwenyewe alikuwa meya wa Davao kwa miaka mingi, alitia saini sheria namba 11547 inayolitambua jiji hilo kuwa makao makuu ya chokoleti ya Ufilipino na mkoa wake kuwa makao makuu ya kakao. Mavuno ya nchi yalikuwa yamepanda hadi zaidi ya tani 9,000 mwaka uliotangulia, sehemu kubwa ikitoka mkoa huo. Ni ongezeko kubwa kwa waliokuwa wamekata tamaa, ingawa mavuno bado hayatoshi mahitaji ya nchi yenyewe.

Kuna uzi mmoja unaoifikisha habari hii nyumbani kwetu. Katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri, Marekani, kipo kiwanda kidogo cha Askinosie. Hununua kakao kwa wakulima wa Davao, na hununua pia kwa wakulima wa Mababu, wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya. Kwenye rafu moja ya duka la Marekani, kipande chenye jina la Davao na chenye jina la Mababu hukaa bega kwa bega. Mkulima wa Kyela na wa Davao hawajaonana, lakini wanafanya kazi ileile: kupasua, kuvundika, kuanika, na kusubiri mnunuzi. Tofauti inayoniuma ni hii: mtoto wa Davao anaweza leo kuingia dukani mjini kwao akanunua chokoleti iliyotengenezwa kwa kakao ya wilaya yake. Watoto wangapi wa Kyela wameonja chokoleti ya Kyela?

Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiwango kisichowahi kuonekana, baada ya mavuno ya Afrika Magharibi kuharibiwa na hali ya hewa na magonjwa. Wenye mbegu kavu walifurahi. Watengenezaji wadogo wa chokoleti walibanwa, kwa kuwa malighafi ilipanda kwa mwaka mmoja kuliko wateja wao wangeweza kufuata. Bei za namna hiyo hupanda na hushuka kwa maamuzi ya London na New York. Kitu pekee ambacho Davao inaweza kukishika kwa mkono wake ni mlaji wa nyumbani: mama wa Manila anayeamua kununua tablea ya Bohol badala ya kopo la unga kutoka ng'ambo, hoteli ya Cebu inayoandaa sikwate badala ya kahawa ya pakiti, kijana anayeweka kipande cha Malagos juu ya lile sanduku la balikbayan linaporudi Dubai, safari hii chokoleti ikienda upande wa pili. Medali za London hufungua masikio ya watu. Haziwezi kulipa mishahara ya mwaka mzima. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa maana yake ni watazamaji kuingiza mkono mfukoni.

Kwa hiyo, msomaji uliye Doha, Muscat au Dubai, Mfilipino unayefanya naye kazi akienda likizo, mpe fedha akuletee chokoleti nyeusi ya Davao, ya asilimia 72 ukiwa mgeni wa uchungu, na pakiti ya tablea kwa ajili ya uji wa alfajiri. Na wewe uliye Tanzania, uliza dukani kwako chokoleti iliyotengenezwa nchini kwa kakao ya Kyela au Kilombero. Wakikwambia hawana, uliza tena wiki ijayo, na mwambie jirani yako naye aulize.